Moja Inabaki

Saa tisa za alasiri Kalemng'orok, kando ya barabara iteremkayo kutoka Kitale kwenda Lodwar, kivuli ni mali ya aliyewahi. Chini ya mgunga mmoja aliketi msichana mchungaji, mbuzi wake wametawanyika wakiokota maganda yaliyodondoka, naye amekusanya mawe madogo ya korongoni, meusi na ya kahawia, anayapanga vumbini. Aliyapanga mawili mawili hadi mwisho wa safu, na moja likakosa mwenzake. Akayavuruga kwa kiganja, akaanza upya kwa matatu matatu; moja likabaki. Kwa manne manne, moja. Kwa matano matano yakabaki matatu, nikadhani mambo yamebadilika, lakini kwa sita sita likarudi lile lile moja, limekaa peke yake nje ya mpango. “Moja inabaki,” aliniambia bila kunitazama. Mawe yalikuwa 13.

Wafugaji wengi wa nchi kavu za kwetu hawapendi kutaja idadi ya mifugo. Kumhesabu mnyama kwa sauti ni kumwitia husuda. Mbuzi hujulikana kwa rangi, kwa mkunjo wa pembe, kwa mama aliyemzaa, na mchungaji hodari hutupa jicho mara moja akajua nani hayupo. Pwani wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwenye vumbi daftari limo machoni. Lakini mawe hayaogopi husuda. Yanaruhusu kuulizwa swali ambalo kundi la mbuzi haliulizwi: je, mnagawanyika sawasawa? Na 13 humjibu hapana kila anayeuliza, isipokuwa moja na 13 yenyewe. Namba za tabia hiyo shuleni huitwa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea. Nyingine zote, tangu 4 hadi mabilioni, zimejengwa kwa hizo. 12 ni mbili mara mbili mara tatu, na ukiivunja wewe au akiivunja mtu wa Tokyo, vipande ni hivyo hivyo vitatu.

Kinachonishangaza katika ugumu huu ni kwamba haukutoka kwetu. Kiturkana huhesabu kwa mkono: ukipita tano unaanza tena, sita inakuwa tano na moja, saba inakuwa tano na mbili. Kompyuta ina alama mbili tu, sufuri na moja, na kwake 13 ni 1101. Badilisha lugha, badilisha alama, chora kwa makaa au kwa chale kwenye mfupa. Ukirudi kwenye mawe, safu hazitimii. Mengi tunayoyaita kweli hutegemea nani anasema, amekaa kiti gani, na mwaka wa uchaguzi uko mbali kiasi gani. Bei ya mbuzi Lodwar hupanda na kushuka kwa mvua. Ukaidi wa 13 hauna msimu, wala haukungoja mtu wa kwanza ajifunze kuhesabu ndipo uanze.

Na bado mawe yale yana ukarimu wao. Ukiacha kudai safu zilizo sawa, ukataka miraba, 13 inakubali mara moja: mawe manne yanafanya mraba wa mawili kwa mawili, tisa yanafanya mraba wa matatu kwa matatu, na yamekwisha. 5 ni moja na nne. 17 ni moja na 16. 29 ni nne na 25. Lakini jaribu 7, jaribu 11, jaribu 19; utakesha. Siri iko kwenye nne. Namba tasa ambayo ukiigawa kwa nne inabakiza moja hugeuka miraba miwili, tena kwa namna moja tu. Inayobakiza tatu haigeuki kamwe. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse ambaye hisabati ilikuwa starehe yake, alimwandikia mtawa Marin Mersenne jambo hili siku ya Krismasi ya mwaka 1640, na kama kawaida yake hakutoa uthibitisho kamili. Leonhard Euler ndiye aliyeuleta, zaidi ya miaka 100 baadaye. Kwa hiyo lile jiwe lililoharibu safu za nne nne pale chini ya mgunga ndilo lililotoa ruhusa ya kujenga miraba. Lisingebaki, miraba isingekuwapo.

Mfukoni mwangu siku ile, na mifukoni mwa wengi walioshuka kwenye matatu pale barabarani, ilikuwamo namba ya ukoo huo huo, ila kubwa. Naiandika yote, kwa sababu watu huzungumza habari za namba kubwa bila kuonyeshana hata moja:

57896044618658097711785492504343953926634992332820282019728792003956564819949.

Ina tarakimu 77. Kwa ufupi huandikwa 2²⁵⁵ − 19: chukua mbili 255, zizidishe zote pamoja, kisha toa 19. Idadi ya atomi zote za dunia hii, pamoja na Mlima Elgon, Ziwa Turkana na mbuzi wa Kalemng'orok, ina tarakimu kama 50 tu. Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, aliitumia namba hii katika njia ya kukubaliana funguo za siri aliyoichapisha mwaka 2006, na tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp hulindwa kwayo. Mama aliye Kakuma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, akimwandikia dada yake aliye Lodwar, au Juba, au Minneapolis, ni namba hii inayosimama mlangoni. Yeye haijui, na si lazima aijue.

Sasa ifanyie yale aliyofanya msichana yule. Mawe ya kutosha hayapo ulimwenguni, lakini akili inatosha. Ipange mbili mbili: moja. Tatu tatu: moja. Nne nne: moja. Sita sita: moja. Kwa tano tu ndipo inapoachana na 13, maana inabakiza nne badala ya tatu. Na kwa kuwa kwa nne inabakiza moja, kauli ya Fermat inaifunga nayo: ipo miraba miwili, kila mmoja mkubwa kupita kuwaza, ambayo ukiijumlisha unaipata namba hii barabara, na jozi ya namna hiyo ni moja tu. Hakuna mtu atakayeipanga miraba hiyo kwa mawe. Ipo hata hivyo.

Tena tazama majirani zake. Iliyo chini yake kwa moja inagawanyika kwa 12. Iliyo juu yake kwa moja, 2²⁵⁵ − 18, inapasuka kwa namna ya kupendeza: ni 2 mara 2¹²⁷ − 3 mara 2¹²⁷ + 3, kipande kidogo na vipande viwili vikubwa vinavyopishana kwa sita tu, na mwanafunzi wa sekondari anayekumbuka tofauti ya miraba miwili anaweza kuupata mpasuko huo kwa mistari miwili ya kalamu. Kamba hukatikia pabovu, wahenga walisema, na namba nyingi zina pabovu pake, wakati mwingine mbele ya macho, wakati mwingine pamefichika sana. Iliyo katikati ya majirani hao wawili haina.

Zinapatikana wapi namba za aina hii? Ukitoka Kitale nyumba zimesongamana. Ukipita Kainuk zinaanza kuachana. Ukiipita Lodwar kuelekea Kakuma, macho yanaweza kukaa kitambo kirefu bila kukuta paa, kisha kijiji kikatokea bila taarifa, na kingine karibu yake, halafu tena kimya. Namba tasa zimekaa hivyo. Kati ya 1 na 100 ziko 25; hadi 1,000 ziko 168; hadi milioni moja ziko 78,498. Carl Friedrich Gauss aliona zinavyopungua akiwa bado kijana, mwishoni mwa karne ya 18; uthibitisho ulipatikana mwaka 1896, kwa Jacques Hadamard wa Ufaransa na Charles-Jean de la Vallée Poussin wa Ubelgiji, kila mtu kwa njia yake. Katika nchi ya tarakimu 77, kwa wastani, ni moja katika kila namba 177. Bernstein alitaka iliyo karibu sana na kipeo cha mbili, kwa sababu hapo kompyuta hugawanya upesi. Ukishuka kutoka 2²⁵⁵, hatua 18 za kwanza zote zinagawanyika. Ya 19 inakataa. Katika jangwa la wastani wa 177, huo ni mji wa karibu. Na hatua 12 zaidi upo mwingine, 2²⁵⁵ − 31. Wastani tunaujua, lakini ramani yenyewe, ya kumwambia msafiri kijiji kijacho kiko hatua ngapi hasa, haijachorwa na mtu.

Kwa nini lakini mlinzi wa mazungumzo awe namba tasa, isiwe kubwa yoyote? Tazama uso wa saa. Una alama 12. Anza juu kabisa, ruka saa tatu tatu: mruko wa nne umekurudisha ulikoanza, na alama nane hukuzigusa. Tatu na nne, hakuna iliyo sufuri, lakini katika saa hiyo zikizidishwa zinaishia patupu. Sasa fikiria saa yenye alama 13. Ruka tatu tatu, ruka tano tano, ruka kumi kumi, vyovyote upendavyo. Utazigusa alama zote 13 kabla hujarudi mwanzo. Katika saa ya namba tasa hakuna kona iliyosahauliwa, na kila kuzidisha kunaweza kurudishwa nyuma kwa kugawanya. Saa ndogo kuliko zote yenye tabia hiyo ina alama mbili tu, na Waturkana wamekuwa wakiishi ndani yake tangu enzi: mwanamume ni wa Ngimor, mawe, au wa Ngirisai, chui, mwana huenda upande usio wa baba, mjukuu hurudi kwa babu. 2 ndiyo namba tasa pekee iliyo shufwa, na ndiyo inayowaketisha babu na mjukuu upande mmoja wa sherehe.

Saa iliyo ndani ya simu ina alama 2²⁵⁵ − 19. Simu ya Kakuma huchagua idadi ya siri, huruka mara hizo kwa kanuni maalumu katika uwanja huo, kisha hutangaza ilipotua, bila kusema imeruka mara ngapi. Simu ya Lodwar hufanya vivyo hivyo. Halafu kila moja huanzia pale mwenzake alipotua, huruka idadi yake yenyewe, na zote mbili hujikuta mahali pamoja, mahali ambapo msikilizaji wa kati, hata akiwa amenasa matangazo yote mawili, hana njia inayojulikana ya kufika kwa kompyuta za leo. Wazo la kukubaliana siri hadharani namna hii lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa kuna kata mbili, hazijawahi kuonana, na mtungi umewekwa sokoni.

Hapo ndipo ninapopata kusimama kwa muda mrefu. Namba yenyewe haikufichwa. Nimeichapa hapo juu, serikali zote zinayo, wezi wote wanayo, mtoto akitaka ataikariri. Tumelelewa kuamini kwamba kinacholinda lazima kifungiwe: hati ndani ya sanduku, fedha ndani ya kibindo, neno ndani ya kifua. Hii inalinda ikiwa uchi mbele ya dunia nzima, kwa sababu tu haina ufa. Siwezi kusema ulinzi wenyewe ni wa milele. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, siku ikijengwa kubwa ya kutosha, itaweza kurudisha miruko hiyo nyuma na kuifungua siri. Siku hiyo kufuli litatupwa. Lakini 2²⁵⁵ − 19 haitagawanyika kwa ajili hiyo, itarudi tu kuwa haina kazi, jambo ambalo halijawahi kuisumbua.

Kuna kishawishi ambacho ni lazima nikitaje kabla msomaji hajakiona mwenyewe. Kwenye njia ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo za mawe za Namoratunga. Mwaka 1978 B. M. Lynch na L. H. Robbins walichapisha katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za pale zimeelekezwa kwenye nyota za kalenda ya Wakushi, wakazikadiria miaka 300 kabla ya Kristo. Wengine wakapinga vipimo, wengine wakaviunga mkono, na uchimbaji wa baadaye ukazipa nguzo za ukanda huo umri mkubwa zaidi, wa kukaribia miaka 5,000. Nguzo 19! Kisha vuka kwenda Ishango, mashariki mwa Kongo, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa wenye chale, wa miaka kama 20,000, ambao sasa umehifadhiwa Brussels. Safu moja ya chale zake inasomeka 11, 13, 17, 19, namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Nyingine 11, 21, 19, 9. Na kila safu kati ya hizo mbili jumla yake ni 60. Na WhatsApp ikikuonyesha msimbo wa usalama wa mazungumzo yako, hukupa tarakimu 60.

Hayana udugu. Nasema hivyo kwa masikitiko, maana ningependa sana kuandika kwamba wavuvi wa Semliki walizijua namba tasa, na kwamba 19 ilitembea kutoka mfupa hadi nguzo hadi simu. Lakini kuzijua namba tasa kunahitaji kwanza kuuliza habari za kugawanya, na safu ile ya pili, yenye 21 na 9, inajibomoa yenyewe: 21 ni tatu mara saba, 9 ni tatu mara tatu. Mtu anayeitafuta 19 ataiona hata kwenye idadi ya vifungo vya shati. Bernstein aliichagua kwa sababu ni ndogo kuliko 31, basi. Afrika haihitaji kupewa sifa ya kubahatisha. Mfupa ule huenda ni hesabu iliyoandikwa miaka kama 20,000 iliyopita, na hilo peke yake linatosha kumvua mtu kofia.

Wapo wanaowinda namba tasa kwa ukubwa tu. Oktoba 2024 Luke Durant wa San Jose, California, alitangazwa kupata 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Ni ya jamii inayobeba jina la yule mtawa Mersenne, na kwa lugha ya kompyuta ni alama ya moja iliyorudiwa mara 136,279,841 bila sufuri hata moja katikati. Mwindaji apewe haki yake. Hata hivyo kwangu hiyo ni pembe ya kutundika ukutani. Ile ya tarakimu 77 ni ya kazi, inachakaa viatu kila siku, na ukiniuliza ipi kubwa nitakujibu kwa kuangalia nani anaitegemea.

Wala mwindaji hatafika mwisho. Euclid wa Alexandria aliliona hilo karibu miaka 300 kabla ya Kristo, kwa hoja fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuimaliza akisubiri matatu ijae. Andika namba tasa zote unazozijua. Zizidishe zote. Ongeza moja. Hiyo uliyoipata, ukiigawa kwa yoyote iliyo kwenye orodha yako, moja inabaki. Kwa hiyo ama yenyewe ni tasa, au imejengwa kwa tasa ambazo hukuziandika. Orodha ya mtu yeyote ni pungufu. Wanafunzi wengi hukosea hapa, na baadhi ya vitabu pia, kwa kudhani kwamba namba inayopatikana ni lazima iwe tasa yenyewe.

Si lazima, na msomaji asiamini kwa kauli yangu. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, uongeze moja: 30,031. Hiyo inagawanyika. Usipoteze muda na sita zile za mwanzo. Anza na 17, panda polepole, na kabla hujafika 60 utakuwa umempata anayeivunja. Jina lake sikutajii. Chukua kalamu.